Kaye yangu inakaa karibu na mbabula

Wamama na dada wapenzi,

Juma lililopita, tulipomaliza kikao chetu, mama mmoja aliniuliza: «Mwalimu, una watoto wanne, una kalasi, una shamba. Saa ya kuandika unaitoa wapi?» Nilicheka tu, maana maharagi yalikuwa yananingoja nyumbani. Leo nataka kumjibu vizuri.

Ukweli ni kwamba saa hiyo sikuwa nayo. Niliingoja miaka mingi, na katika kuingoja nilipoteza kitu.

Mwezi wa Mei 2003, vita vilipopamba moto humu Bunia, mama yangu alitutoa hapa Mudzipela na mtoto mgongoni, mimi nikimshika kitenge, mpaka kwenye kambi karibu na kiwanja cha ndege. Nilikuwa bado mtoto. Mimi nakumbuka mvua, matope na shitingi. Yeye alikumbuka yote: nani alitugawia unga, nani alizaa usiku ule, nani hakurudi. Kila mara alipoanza kusimulia, nilimwambia, «Ngoja mama, nitaandika wakati wa likizo kubwa.» Likizo moja mtoto aliugua. Nyingine nilikuwa na mimba. Nyingine tulikuwa shambani. Halafu, miaka miwili iliyopita, damu yake ilipanda, upande wake wa kuume ukalala, na ulimi ukafungwa. Anatusikia na anatutambua, lakini hasimulii tena.

Wiki ile ile nilinunua kaye moja na biki mbili.

Kilichonifundisha namna ya kuanza ni likelemba yetu. Hakuna kati yetu anayeweza kutoa pesa ya mbuzi kwa siku moja. Lakini kila wiki tunaleta kidogo, na zamu ya mtu ikifika, anarudi nyumbani na pesa nzima. Nikajiuliza: mbona maneno nayataka yote kwa siku moja?

Sasa kaye yangu imetundikwa kwenye msumari, karibu na mbabula. Makala yakikawia kushika moto, naandika sentensi moja. Nikiwa kwenye foleni ya maji, nina karatasi niliyoikunja ndani ya kitenge. Usiku, nikimaliza kutayarisha masomo ya kesho, naandika mistari mitatu kwa taa ya simu, hata kama macho yanafunga. Siku nyingine ni jina la mtu tu, au jina la njia. Mambo hayo madogo nayaunganisha Jumamosi jioni. Hapo mume wangu anawaogesha watoto na kuwalisha, nami nakaa nusu saa mezani. Juma la kwanza alinung’unika. Siku hizi yeye ndiye anayenikumbusha.

Na neno la kuandika linatoka wapi? Zamani nilifikiri linataka ukimya. Nyumbani kwangu ukimya haupo. Lakini watoto wanauliza: «Nyanya alipata wapi kovu hili? Kwa nini hatupiti njia ile?» Swali la mtoto ambalo nimeshindwa kulijibu vizuri, ndilo ninaloandika usiku huo.

Tusifikiri kazi hii ni ya watu wasio na mzigo. Kule chuo cha ualimu tulisoma habari za Mariama Bâ wa Senegal. Alikuwa mwalimu kama mimi, na mama wa watoto tisa. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1979, akiwa na miaka 50, nacho kimeandikwa kama barua ya mwanamke kwa rafiki yake. Na kabla yake, pwani ya Kenya, Mwana Kupona wa Pate alitunga utenzi kwa ajili ya binti yake mnamo mwaka 1858, naye alikuwa mgonjwa. Hakungoja kupona. Tena alitunga kwa Kiswahili, kwa hiyo asituambie mtu kwamba lazima tuandike Kifaransa.

Wewe ambaye hukufika shuleni, usiseme habari hii haikuhusu. Keti na mtoto wako wa darasa la tano au la sita. Wewe sema, yeye aandike. Anzeni na jina la mahali ulipozaliwa, majina ya wazazi wako, na siku moja ambayo hutaki wajukuu waisahau. Mwandike tarehe juu ya ukurasa.

Mimi sasa, Jumapili baada ya misa, namsomea mama niliyoyaandika. Ninapokosea, anainua mkono wake wa kushoto. Basi nataja jina moja, nataja lingine, mpaka anaushusha, nami nasahihisha. Juma lililopita tulitumia muda mrefu kwa jina la mwanamke mmoja aliyetupa unga kambini. Tulilipata. Mama alilia, mimi pia.

Mambo mengi hatutayapata tena, hilo najua. Lakini wewe ambaye mama yako bado anasimulia, usingoje likizo kubwa. Kwenye kikao kijacho, kila mmoja wetu alete mchango wake wa likelemba pamoja na mistari mitano kwenye karatasi. Tutasomeana.

Wenu, Mwalimu wa Mudzipela