Jirani Aliyenyamaza

Sisi walimu tumezoea kufundisha, na mazoea hayo yana hatari yake. Mwaka mmoja jua kali lilikausha mahindi ya jirani yetu, na mbuzi wake wakafa. Tulikwenda kumtazama, lakini badala ya kumpa pole, tulimwuliza kama alikuwa akishika sala. Tulidhani tumetimiza kazi yetu. Yeye aliinama, asijibu neno.

Haukupita mwaka, mtoto wetu wa pili akashikwa na homa. Tulimwuguza na kumwombea mchana na usiku. Siku ya nne akafariki. Usiku ule maneno yetu yaliturudia, yakatuuliza: Je, ninyi mmekosa nini? Hatukuwa na jibu.

Kulipokucha, yule jirani alifika na kikapu cha unga, nasi tulijua ya kuwa ghala lake halina kitu. Alisema, "Poleni, Mwalimu," akaketi mkekani, akanyamaza. Baadaye alishika jembe, akachimba kaburi pamoja na vijana.

Ndipo tulipokifungua tena Kitabu cha Ayubu, ambacho tulikuwa tumekifundisha mara nyingi. Elifazi, Bildadi na Sofari walikaa chini pamoja na rafiki yao siku 7 bila kusema neno, na hapo walifanya vema. Walikosa walipofumbua vinywa, wakanena kana kwamba wanazijua siri za Mungu. Ayubu mwenyewe, Mungu aliposema naye, aliweka mkono kinywani. Na katika sura ya 42, wale waliomhukumu waliamriwa waende kwake, ili yeye aliyekuwa ameketi majivuni awaombee.

Basi nasi tulikwenda kwa jirani yetu, tukamwomba radhi. Alisema, "Hayo yamekwisha, Mwalimu. Na tuombe." Akaomba yeye, sisi tukaitikia Amina. Hatukupata kuombewa na mtu wa namna ile tangu tulipopewa kazi ya kufundisha, kwa maana hatukupata kumwomba mtu yeyote.

Hata leo hatujui kwa nini mtoto wetu alitwaliwa, wala hatujui kwa nini mahindi ya mwingine yalikauka. Ayubu alilia mbele za Mungu wala hakukataliwa, nasi twalia. Lakini hukumu tumemwachia yeye mwenyewe. Ndugu, ukienda penye msiba, chukua unga wako kidogo, uketi chini, unyamaze.