Namba ya Baba

Mwezi uliopita, katika hospitali moja ya jeshi nisiyotaka kuitaja, binti wa dirishani alimwambia mama yangu kwamba mfumo haumsomi. Alisema kwa adabu. Alianza na shikamoo bibi, akaomba radhi, akatuambia tusogee karibu tusikie vizuri. "Namba ya marehemu ni fupi, bibi. Hapa inataka tarakimu zaidi."

Mama siku hizi husahau kama amekunywa chai. Lakini namba ya jeshi ya baba aliitaja tena kama mtu anayesali: MT, kisha tarakimu moja moja, bila kukosea. Binti akaandika, mfumo ukakataa. Nyuma yetu foleni ikaguna. Ndipo akatuuliza, bila ubaya wowote, kama tuna uhakika kwamba mzee alikuwa mwanajeshi kweli.

Nikamtazama mama. Miaka ishirini na mitatu ya kota, watoto sita, hamahama ya kikosi hiki na kile, halafu aulizwe hilo na mtoto ambaye labda hata mama yake hakuwa amezaliwa baba alipoapa.

Mimi nimekulia kambini Tabora. Zahanati ya kikosi ilikuwa jengo la vyumba vitatu, paa la mabati, kibaraza chekundu cha saruji, na mbele mwembe, kwa kuwa Tabora huwezi kukosa mwembe. Harufu yake ndiyo iliyobaki puani mwangu kuliko sura za watu: spiriti, Dettol, na juu yake mafuta ya taa, maana sindano za vioo zilichemshwa kwenye jiko la mchina nyuma ya pazia. Ukisikia maji yanatokota, ujue sindano yako ya PPF inaiva. Mpaka leo mtu akiwasha jiko la mchina karibu nami, kalio la kulia linajikaza lenyewe.

Mwenye zahanati alikuwa Sajini. Daktari mwenyewe tulimwona kwa nadra, akija na gari na kuondoka nalo. Dada anasema Sajini alihamia kwetu 1971. Mama anasema alimkuta pale pale alipoolewa. Nyuma ya picha moja pameandikwa 1973. Tarehe nimeachana nazo. Nilipopata akili nilimkuta, mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi wa kushonea vidonda, na sauti ya uwanja wa gwaride ambayo hakuibadilisha hata kwa mtoto mwenye homa.

Hakuuliza jina. "MT ngapi?" Ukataja namba ya baba yako, naye akafungua kaunta buku yake kubwa. Kila askari alikuwa na ukurasa, na chini ya namba ya askari yaliandikwa mke, mtoto wa kwanza, wa pili, mpaka walipoishia. Mimi nilikuwa Nne. "Nne! Tena wewe? Juzi masikio, leo tumbo?" Alinichukiza kwa hilo. Nilikuwa na jina zuri nililopewa na bibi, na mtu huyu akanipa tarakimu. Lakini alijua kwamba Nne hutapika klorokwini, Mbili ana pumu, na mke wa namba ile asipewe salfa, humvimbisha uso. Haya yote hakuyasoma popote. Kaunta buku aliifungua kwa mazoea tu.

Klorokwini yake ilimezwa mbele ya macho yake. Mtu mzima vinne, kesho vinne, keshokutwa viwili, na mwasho wake juu, usiku kucha unajikuna kama mbuzi mwenye upele. Sisi watoto alitusagia kwenye kijiko, akatubana pua, na ukishameza bila kutapika alifungua kopo la Blue Band lililojaa asali ya misituni huko Sikonge, akakupa kidole kimoja. Kidole chake. Leo angefukuzwa kazi, na pengine ingekuwa haki. Dawa ya kikohozi ulikwenda na chupa yako. Ukisahau chupa unarudi nyumbani, hakuna mjadala, na ukileta iliyobaki harufu ya bia anakuuliza mbele ya foleni nzima ni nani anayekunywa kwenu.

Siyo kwamba palikuwa peponi. Wake za askari walivaa vyeo vya waume zao juu ya kanga. Mke wa meja hakukaa kibarazani. Alipita moja kwa moja, na mke wa kapteni nyuma yake. Mama, mke wa koplo, alikaa juani na mtoto mgongoni akihesabu walioingia baada yake wakatoka kabla yake. Mpaka leo akikasirika husema, "Mimi siyo wa kibarazani."

Lakini kuna siku ya masika mdogo wetu, Sita, alipatwa na degedege tukiwa kwenye foleni ile. Ndani alikuwamo mke wa kapteni, amekuja kupimwa presha. Sajini alitoka kwa kelele za mama, akamnyakua mtoto, akamwambia yule bibi mkubwa, kwa sauti ile ile ya gwaride, asubiri nje. Mvua ilikuwa inanyesha. Alimlaza Sita mezani, akamchoma kwinini, akamfuta kwa kitambaa cha maji, akabaki ameshika mkono wake mpaka jicho liliporudi mahali pake. Kesho yake asubuhi kapteni alikuja mwenyewe. Sisi watoto tulikuwa juu ya mwembe, tulisikia yote. Sajini alisimama wima, mikono ubavuni: "Ndiyo, afande." "Ndiyo, afande." "Ndiyo, afande." Kapteni alipoondoka, akageukia foleni. "MT ngapi?"

Sita sasa ni fundi umeme Morogoro, ana wajukuu wawili.

Kisha wakaenda vitani Kagera, baba, na Sajini na sanduku lake la dawa. Walirudi wote wawili, jambo ambalo si kila nyumba ya kota ilibahatika kulisema. Sajini alirudi amepunguza sauti. Asali haikuonekana tena, na sikuwahi kujua kama iliisha au aliacha. Miaka iliyofuata hata klorokwini ilikuwa ya kubahatisha. Alikuwa akikuandikia karatasi, ukatafute mjini, naye akikwepa macho yako. Halafu akastaafu. Kwao alikuwa akisema ni Songea; akaondoka na treni, na kaunta buku ikabaki kwa kijana mmoja aliyeanza nyingine mpya.

Baba alistaafu mwaka uliofuata au wa pili yake. Tukahamia Dar, uraiani. Mwaka 1993 hospitali za serikali zilipoanza kuchangisha wagonjwa, tulijiona wenye bahati, sisi tuna yetu. Mwaka 2001 klorokwini ikaondolewa, na mwaka huo huo watumishi wa serikali wakaanza kupewa kadi za bima ya afya. Kadi zetu zikawekwa picha, zikaja kompyuta, zikaja karatasi za rufaa zenye mihuri mitatu, ukikosa mmoja unarudi ulikotoka. Baba alifariki na kadi yake mfukoni mwa shati. Tangu hapo mama ni "mjane wa", na kila baada ya muda fulani anatakiwa kuthibitisha kwamba bado ni mjane. Sijui wanategemea nini kimetokea.

Wahudumu wa siku hizi wamefundishwa. Wanatabasamu, wanakuita kwa jina lako kamili kutoka kwenye kioo, kwenye ukuta pana sanduku la maoni na namba ya kupiga simu. Nimeipiga. Sauti ya mashine ikanishukuru mara nne. Nikiri pia kwamba vipimo vyao Sajini hakuota kuviona, na mashine ya presha ile anayovalishwa mama mkononi inatoa jibu kabla hajamaliza kulalamika. Tatizo ni kufika kwenye hiyo mashine.

Siku ile tulikaa tangu saa mbili asubuhi mpaka saa saba. Mwishowe wakamwita kijana wa kompyuta, mpole, mwenye hereni ya simu sikioni. Akaangalia, akacheka kidogo. "Rahisi tu, bibi. Tunaweka sifuri mbili mbele, itakubali."

Mama akauliza sifuri za nini.

"Za kujaza nafasi tu, bibi."

"Mume wangu hakuwa na sifuri," akasema, akachukua kadi yake na mkoba wake, akaniambia tuondoke.

Dawa za presha tulizinunua duka la ng'ambo ya barabara, kwa fedha yangu. Tarehe ya kurudi kliniki ni Alhamisi ijayo. Amesema atakwenda, na namba ni ile ile.