Sauti ya Pili

Daftari la kwaya la dada yangu bado liko juu ya kabati, hapa nyumbani mtaani Mbotela. Nyimbo zote amezinakili kwa solfa, kwa penseli, na kwenye mstari wa sauti ya pili ameweka vialama vidogo vya pa kuvuta pumzi. Pembeni mwa ukurasa mmoja ameandika: usikimbie.

Siku za matanga yake kwaya ilikuja kutuimbia uani. Soprano walikuwepo, besi nao walijaa, alto wawili wakajitahidi. Lakini alto, yaani sauti ya pili, ndiyo inayoshika wimbo kwa ndani, na isipotosha, mtu husikia baridi inapita katikati. Nililia kwa hilo kuliko nilivyolia kaburini.

Watu walitupa pole kwa moyo mweupe. Kaza roho, wakasema, kazi ya Mungu haina makosa. Niliitikia ahsante, ila sikuwa na pa kuyaweka maneno hayo.

Aliyekaa nami bila kuniambia nikaze chochote ni Felix Mendelssohn, mtunzi Mjerumani. Dada yake mkubwa, Fanny, naye mtunzi hodari, alipatwa na kiharusi akiwa kwenye mazoezi ya muziki Berlin, akafariki tarehe 14 Mei 1847. Kiangazi hicho Felix alikwenda Uswisi, na huko akatunga kwarteti ya F maina: fidla mbili, viola na selo. Tarehe 4 Novemba akamfuata dada yake, akiwa na miaka 38.

Sehemu za kwarteti hiyo ni nne, kama ilivyokuwa desturi. Katika ya kwanza nyuzi zinatetemeka tangu mwanzo, kama mikono ya mtu aliyepokea simu usiku. Ya pili, ambayo Mendelssohn alizoea kuifanya nyepesi, ya kurukaruka, safari hii inasaga meno. Ya tatu ni ya polepole, na ndiyo pekee iliyotoka kwenye maina ikaingia meja. Hapo nadhani alikaa akamkumbuka Fanny akiwa hai, wakiwa watoto mbele ya piano. Mara ya kwanza kuisikiliza niliomba amalizie hapo. Hakumalizia. Ya nne inarudi kule kule gizani, fidla ya kwanza inakimbia, inakimbia, na mwishoni hakuna amina. Nilimshukuru kwa kutonidanganya.

Mtaa wetu wenyewe una jina la marehemu: Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha siasa cha KAU aliyeuawa Novemba 1952. Tunalitaja kila siku tukipanda matatu, bila uchungu wowote. Jina la dada yangu halitajwi na mtu ila sisi.

Alhamisi, siku ya mazoezi, nilitoa kopi ya daftari nikaipeleka kanisani. Msichana aliyewekwa sauti ya pili aliufikia ule ukurasa, akapitisha kidole pembeni, akapunguza mwendo.