Blanketi la Theluji

Sisi tuliozaliwa katika nchi ya jua hudhani ya kuwa theluji ni mauti matupu. Ndivyo tulivyodhani nasi, hata Februari moja tulipofika Riederalp, kijiji cha milimani katika nchi ya Uswisi, tukapanda na kiongozi kwenda kuutazama mto wa barafu uitwao Aletsch.

Tulifungiwa chini ya viatu vitu vipana, mfano wa nyungo ndogo zenye meno ya chuma, ili tusizame. Kiongozi alitangulia, akatuonya tusiiache njia yake. Akatuonyesha nyayo za sungura wa milimani, ambaye wakati huo huwa mweupe kama theluji yenyewe.

Lakini sikio letu lilikuwa zito. Tuliona mti mzuri, tukatoka njiani hatua chache. Mara theluji ikapasuka miguuni petu, ndege mweusi wa jamaa ya kwale akaruka kwa kishindo, akatokomea. Tukacheka, kiongozi hakucheka. Akatueleza ya kuwa ndege huyo hujichimbia shimo thelujini, akajificha humo saa nyingi, maana humo baridi si kali kama nje. Chakula chake ni haba, na kila arukapo bure hupoteza nguvu asizoweza kuzirudisha upesi. Akifukuzwa mara nyingi aweza kufa. Tukaona haya. Tulikuwa tumemnyang'anya maskini blanketi lake.

Tulipofika kilele cha Moosfluh tuliuona mto wenyewe chini yetu, kama kilomita 20 za barafu, mrefu kuliko yote ya milima ya Alps. Watu wa Fiesch, kijiji cha bondeni, waliuogopa sana zamani kwa ajili ya mafuriko. Mwaka 1678 waliweka nadhiri, nao wakamwomba Mungu auzuie usikue. Lakini tangu katikati ya karne ya 19 umepungua zaidi ya kilomita 3, nao ndio unaowapa maji wakati wa joto. Basi mwaka 2010 Papa aliwaruhusu kuigeuza sala yao: sasa huomba barafu isitoweke.

Kumbe kile tulichokiita mauti ndicho kilichofunika uhai! Tuliporudi tulikanyaga nyayo zetu zile zile, wala hapakuwa na haja ya kuonywa tena.