Jiwe Ninalo, Neno Sinalo

Kwa miaka kumi na miwili nimekuwa nikiokota visukuku vya bahari. Sikusomea elimu ya miamba, wala sina chombo zaidi ya nyundo ndogo, brashi na daftari. Kwetu ni Miburani, kisiwani Mafia, na uraibu huu ulianzia uani kwetu, siku kaka yangu alipoletewa mawe ya kujengea msingi. Jiwe moja lilipasuka, na ndani yake nikaona vijishimo vilivyopangika kama masega ya nyuki. Lilikuwa tumbawe. Nilikuwa nimelala katika nyumba za mawe ya namna hiyo tangu utoto, nisijue kwamba kuta zile ziliwahi kuwa hai.

Baadaye nilisoma kwamba sehemu kubwa ya miamba ya matumbawe ya kale inayoonekana katika pwani yetu iliota takriban miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa imepanda mita kadhaa juu ya kina chake cha leo. Maji yalipopungua, miamba ikaachwa nchi kavu, pamoja na makombe na makome yaliyokuwa yamejibanza humo. Tangu hapo nikawa mtu wa kuinama kwenye vifusi na mashimo ya mawe. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, siokoti kitu. Huko natazama na kuchora tu.

Katika vyote nilivyoviona, kinachonivutia zaidi ni kombe lisilokuwapo. Maji ya mvua hupenya katika jiwe la chokaa, na miaka inavyopita huliyeyusha kombe lililomo. Panapobaki ni uwazi mtupu, lakini uwazi huo una umbo kamili la kombe, hadi mistari ya mgongo wake. Wakati mwingine tope laini huingia katika uwazi huo na kuganda. Mpita njia akiliona, hudhani ameliona kombe lenyewe, kumbe ni tope lililokaa mahali pake.

Palikuwa na mzee mmoja jirani yetu, aliyevunja mawe na kuchoma chokaa tangu ujana wake. Nilizoea kumwamkia kila alasiri na kumwonyesha nilichookota. Siku moja nilimpangia mawe matatu juu ya jamvi. Alilishika la kwanza akasema, "Hili jiwe tu." La pili, vivyo hivyo. Alipolishika la tatu, lenye uwazi wa kombe, alitabasamu kama aliyekutana na mtu wa zamani, akalitaja kwa jina lake. Kisha akaongeza, "Hiki usikivunje, mjukuu wangu. Hiki kimelala."

Nilikuwa na daftari mapajani. Niliandika tarehe, mahali nilipolipata jiwe, na kina cha shimo kwa shibiri. Penye jina, niliandika "kisukuku". Nililipuuza neno la mzee kwa sababu nililiona la mtaani, na hili langu nikaliona la vitabuni. Nilijiambia kwamba nikilihitaji nitamuuliza tena. Masika yaliyofuata tulimzika.

Msomaji mpenzi, nimejaribu kulikumbuka neno lile mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Ninachokumbuka ni sarufi yake. Najua lilikuwa la ngeli ya KI-VI, kwa kuwa mzee alisema "hiki", akasema "kimelala", ilhali mawe mawili ya mwanzo aliyaita "hili". Nomino imeyeyuka, upatanisho umebaki, kama mistari ya kombe katika jiwe. Na kwa kuwa "kisukuku" nacho ni cha ngeli hiyohiyo, kilipokaa mahali pa neno lile hakuna kilichotikisika. Sentensi ilikwenda sawa. Ndiyo maana sikuhisi, siku ile, kwamba nilikuwa nikimwaga tope.

Silaumu neno "kisukuku". Ni neno zuri, na bila hilo nisingeweza kuyaandika haya yakaeleweka Mombasa na Bukavu. Ninachojilaumu ni kudhani kwamba neno moja likiwapo, la pili halihitajiki. Mzee hakuwa akitaja visukuku vyote. Alikuwa na jina la aina moja tu, ile yenye umbo pasipo mwili, jambo ambalo mimi hulieleza kwa sentensi nzima.

Nimewauliza wanawe, wao waliyaita "mawe ya baba" basi. Nimeuliza Chole, Juani na Jibondo. Wazee wamenitajia majina ya chaza, kome na simbi, mengine sikuwahi kuyasikia, lakini lile halikutoka kinywani mwa yeyote. Hata hivyo sijakata tamaa, na sababu yangu ni samaki. Silikanti alijulikana na wataalamu kwa alama zake mawemawe tu, wakaamini alitoweka takriban miaka milioni 66 iliyopita. Mwaka 1938 akanaswa akiwa hai Afrika Kusini, na mwaka 2003 wavuvi wa Tanzania nao wakaanza kumpata nyavuni mwao. Yamkini neno la mzee nalo linaogelea mahali fulani, katika kijiji ambacho sijafika, kwa fundi mawe ambaye hajaulizwa.

Daftari langu sasa lina safu nne: tarehe, mahali, kina, na jina kama lilivyotamkwa na mwenye kulitamka. Safu hiyo ya nne ndiyo ninayoijaza kwanza, kabla hata ya kulipangusa jiwe vumbi. Lile jiwe la tatu liko dirishani kwangu, zima. Kwenye ukurasa wake nimekifuta "kisukuku", nikaacha nafasi wazi, na mbele yake nikaandika: hiki.