Moto wa bani unavuma kwa nini?

Washa mshumaa halafu sikiliza: kimya. Sasa nenda Tabora vijijini kwenye bani la tumbaku usiku, usikie tanuru linavyovuma. Moto ni ule ule, tofauti nini?

Swali si langu. Niko huku kwenye mazoezi ya kufundisha, na binti mmoja wa kidato cha pili kaniuliza leo. Wenzake wakacheka.

Maabara hatuna, nikawasha mshumaa. Hewa ikiungua hupanuka karibu mara 7. Moto ukitulia, inapanuka kwa kasi ile ile, sikio halipati kitu. Nikaupuliza kidogo: fufufu! Hapo ndimi zimevurugika, huku zinaungua haraka, kule polepole, hewa ya pembeni inasukumwa kwa mshtuko mshtuko. Mishtuko hiyo ndo sauti. Ndani ya tanuru vurugu ni kubwa zaidi, basi linanguruma. Ile pa! pa! ya kuni ni mambo mengine, mvuke unapasua mti.

Binti akasema: "Ndo maana moto ukipunguza kuvuma naamka kuongeza kuni."

Jamani! Mwaka 1878 Lord Rayleigh wa Uingereza alieleza jinsi joto linavyokuza mtetemo wa hewa. Huyu anapima moto kwa masikio, usiku kucha, halafu asubuhi akisinzia darasani anaandikiwa "mvivu".

Ijumaa mkufunzi anakuja kunikagua. Nishaamua, ubaoni atasimama yeye. Niombeeni!