Vibao Vinne vya Kumbukumbu

Katika miaka yangu ya ualimu nimewaadhibu watu wengi, na wengi wao nina hakika walistahili. Mmoja hakustahili. Kila nikisikia mtu analalamika kwamba kompyuta yake imekuwa nzito, humkumbuka.

Mwaka 2008 shule yangu ilipewa msaada wa seva iliyokwisha kutumika ng'ambo, pamoja na kompyuta 20 zisizo na diski. Kompyuta hizo zilikuwa macho na mikono tu. Kazi yote ya kufikiri ilifanywa na seva, iliyoendeshwa kwa Linux. Ndani yake zilikuwamo prosesa mbili za Opteron na vibao vinne vya kumbukumbu, kila kimoja cha jigabaiti 1. Kijana mmoja aliyekuwa amemaliza kidato cha sita, tuliyemlipa posho ndogo, ndiye aliyekuwa fundi na mshika funguo wa chumba kile.

Likizo ya Desemba tuliifungua seva ili kuondoa vumbi. Nilisimamia mwenyewe, maana sikupenda kitu cha thamani kifunguliwe nisipokuwapo. Ubao mama ulikuwa na nafasi nane za kumbukumbu, nne ubavuni mwa kila prosesa. Wakati wa kurudisha vibao nilimwagiza kijana avipange vyote upande mmoja, kwa mstari, pasiwe na mapengo. Akaanza, "Lakini Mwalimu, vilikuwa..." Nikamkatiza. Akapanga nilivyotaka.

Shule ilipofunguliwa, malalamiko yakaanza. Wanafunzi watano wakitumia, hapakuwa na neno. Darasa zima likikaa, herufi zilichelewa kutokea na kishale kiliganda kwenye kioo. Mtu mmoja akaninong'oneza kwamba mjini vibao vya namna ile vina soko. Niliwasha seva, nayo ikahesabu megabaiti 4096, kamili. Hilo lingetosha kunituliza, lakini nilijiambia kuwa vizuri vimeuzwa na vibovu vimewekwa mahali pake. Kijana aliendesha programu ya Memtest86 usiku kucha, isipate kosa hata moja. Nikamjibu kwamba kipimo kinachoendeshwa na mtuhumiwa si kipimo. Siku ya Ijumaa nikamwomba funguo. Alizitoa mfukoni, akaziweka mezani taratibu, akasema, "Haya, Mwalimu."

Aliacha daftari. Jumamosi nililifungua, nadhani nikitafuta ushahidi. Nilikuta majedwali ya vipimo vya STREAM, programu iliyotungwa na John McCalpin kupima ni kiasi gani cha data prosesa inaweza kuvuta kutoka kwenye kumbukumbu kwa sekunde. Prosesa moja ikipimwa peke yake ilipata kiasi fulani. Mbili zikipimwa pamoja, jumla ilikuwa ileile. Pembeni aliandika: "Ya pili inakula wapi?"

Swali hilo lilinikalisha hadi jioni na kitabu cha ubao ule. Katika kompyuta za zamani zenye prosesa kadhaa, zote zilipita mlango mmoja kuifikia kumbukumbu, kwa hiyo haikuwa na maana kusema kibao fulani ni cha prosesa fulani. Opteron, iliyotoka mwaka 2003, ilibadili jambo hilo: kidhibiti cha kumbukumbu kilihamishiwa ndani ya prosesa yenyewe. Kila prosesa ikawa na kabati lake la vitabu. Ikihitaji kitabu kilicho katika kabati la mwenzake, hupita njia inayoziunganisha na kuomba. Mimi nilikuwa nimevirundika vitabu vyote katika darasa moja, nikaliacha darasa la pili na kabati tupu, kisha nikashangaa msongamano mlangoni. Hesabu ya megabaiti haiwezi kufichua kosa hilo, kwa sababu kweli hakuna kilichopotea. Memtest86 nayo hutafuta kibao kilichoharibika, haisemi kama kibao kizima kimewekwa pasipofaa.

(Mpangilio huo sasa ni wa kawaida. Xeon za seva ziliufuata mwaka 2009, na anayenunua mashine ya prosesa mbili leo bado hana budi kutazama mchoro wa nafasi kabla ya kuchomeka chochote.)

Nilichukua bisibisi, nikahamishia vibao viwili upande wa pili. Jumatatu darasa likajaa, na uzito ukawa uleule. Nakiri kwamba kama seva ingepona mikononi mwangu, nisingekwenda kwao upesi namna ile. Ningetafuta siku ya kufaa, na siku za namna hiyo huchelewa. Nilikwenda jioni hiyohiyo.

Mama yake alinipa kigoda, akaniamkia kwa heshima niliyoona haya kuipokea. Kijana alipotoka ndani nilimweleza yote, kuanzia agizo langu la Desemba. Nilimwambia mbele ya mama yake kwamba hakuiba kitu. Alinyamaza kidogo.

"Vilikuwa viwiliviwili, Mwalimu. Ndivyo nilivyotaka kusema."

"Nimeshavigawa viwiliviwili, bado ni nzito."

"Umeviweka kwenye nafasi za rangi moja?"

Sikuwa nimetazama rangi. Akanieleza, kwa upole ambao sikuwahi kumwonyesha yeye, kwamba vibao viwili vikikaa katika nafasi za jozi prosesa huvisoma vyote kwa pamoja: kwa aina ile ya kumbukumbu, kila kibao kinaweza kutoa jigabaiti 3.2 kwa sekunde, na jozi 6.4. Vikikosa jozi, husomwa kimoja baada ya kingine. Niliongeza kabati la pili nikafunga nusu ya kila mlango.

Tulirudi shuleni giza likiingia. Nilimpa funguo, akafungua chumba, akafungua seva, akahamisha kibao kimoja kila upande. Kisha akakaa kupima, na mimi nikamshikia tochi juu ya daftari lake.